Ukuta wa Papa Gauthier

Tangu Gauthier, mfanyabiashara wa unga aliyetoka Butembo, ajenge ukuta kuzunguka kiwanja chake, lupango kama wanavyoita pale Katuba, jirani yake Laurentine hakutaka hata kumwona. Ukuta ule uliziba njia ya maji ya mvua, njia iliyokuwapo tangu marehemu mumewe alipokuwa akifanya kazi ya reli. Alikwenda kulalamika, akajibiwa: "Mama, kila muntu na lupango yake."

Jumamosi moja ya Februari, mvua ilishuka mchana kweupe kama mbingu imepasuka. Maji yakakimbia kutoka barabarani, yakagonga ukuta, yakarudi nyumbani kwa Laurentine. Mlango ukakwama. Alimpandisha mjukuu wake Myriam juu ya meza, yeye akasimama juu ya kiti, akaanza kupiga sufuria kwa mwiko.

Olive, mke wa Gauthier, ndiye aliyesikia. Alipanda ngazi, akachungulia upande wa pili, akashuka mbio.

"Papa, kwa Mama Laurentine mayi imejaa! Iko na mutoto mule ndani! Vunja ukuta!"

Gauthier aligeuka akatazama depo lake. Unga wa mwezi mzima ulikuwa umepangwa mule.

"Tukivunja, mayi yote itakuya huku."

"Ikuye!"

Akachukua nyundo kubwa. Alipiga matofali ya chini mpaka mikono ikachubuka. Ukuta ulipotoboka, maji yalimwangusha chali, yakapita moja kwa moja hadi kwenye depo. Aliinuka, akavuka tundu lile, akausukuma mlango kwa bega, akambeba Myriam mgongoni, akamtoa nje. Laurentine alifuata akishikilia shati lake.

Mama huyo alipoona magunia yakiyeyuka, machozi yalimtoka.

"Unga yako, Papa Gauthier!"

"Iko uji sasa, Mama," akajibu, na cheko likamponyoka.

Laurentine hakukaa kulia. Aliwaita akina mama wa parokia, wakajipanga foleni kwenye matope, wakayapokezana magunia ya juu, yale makavu, hadi kanisani. Zaidi ya nusu yaliokoka.

Juma lililofuata, Gauthier alichimba mfereji kupita viwanja vyote viwili. Laurentine alisimama kando, kitenge kimefungwa juu ya magoti, akimwelekeza.

"Hapana, Papa, pindisha kidogo. Mayi haipendake kona."

"Mama, shika basi jembe weye mwenyewe!"

Akalishika.