Spika Zilizotazama Ukuta

Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ilikuwa imekwisha kuipita Amboni, na Sleyum bado anageuka kutazama nyuma. Si kwamba alikuwa akiutazama mji wa Tanga. Mji ameuacha mara nyingi mno katika maisha yake. Alichokuwa akikitazama ni spika zake mbili, zile ndefu za kusimama chini, zinazomfika mtu kiunoni. Zilikuwa zimelazwa chali juu ya godoro, zimefunikwa blanketi na kukazwa kamba, kama wagonjwa wawili wanaopelekwa hospitali ya Bombo.

"Mjomba, tulia," alisema Ayubu, mtoto wa dada yake, mwenye gari. "Ukigeuka tena nakuhamishia huko nyuma ukazishike mikono."

"Endesha wewe. Hilo tuta umeliruka makusudi."

"Tuta huliruki, mjomba. Lenyewe ndilo linalokurusha."

Chini ya kiti cha Sleyum kulikuwa na mkoba wa nguo, na ndani ya mkoba hati ya kusafiria. Dada yake, Fakhria, aliambiwa kwamba spika zinapelekwa Moa kuangaliwa, basi. Habari ya mkoba hakuambiwa. Huko Moa yuko mwanamke anaitwa Queen, mwenye nyumba ya wageni, na wageni wake wengi wanatoka Mombasa kuja kukaa kimya na kusikiliza santuri za zamani. Queen akizipenda spika, Sleyum atakuwa hana tena kitu Tanga, na siku hiyohiyo atavuka mpaka wa Horohoro. Akizikataa, atarudi nazo nyumbani Ngamiani na kukaa nazo. Kukaa ndilo jambo ambalo Sleyum hakuwahi kuliweza.

Alizinunua Maskati, enzi hizo akifanya kazi ya ghala. Kabla ya Maskati alikuwa Bujumbura, baada yake Dubai, Ngazija, na mahali pengine ambapo yeye mwenyewe hana hakika kama alikaa au alipita tu. Kote huko alikwenda na mkoba. Spika hizo hazikuwa za kwenda nazo popote. Kila moja inataka wanaume wawili na matusi kidogo. Mkewe, Nada, alizipendea hilo hilo. "Mume wangu ana nanga mbili," akiwaambia wifi zake. Na kweli, Sleyum kila akirudi jambo la kwanza ni kuziwasha, na mtaa mzima ukajua karudi.

Nada alifariki mwaka juzi. Siku ya msiba wanawake walitoa viti, wakatandika mikeka, na Fakhria akaamuru spika zigeuzwe zitazame ukuta. Ndivyo ilivyo katika nyumba yao: chombo cha muziki hakitazamani na waliofiwa. Na aliyekigeuza ndiye hukirudisha, matanga yakiisha.

Matanga yaliisha. Fakhria hakuzirudisha. Sleyum hakuuliza. Siku ilipofika akatamani kusikiliza kitu, alizifungulia hivyohivyo, taratibu, zikiwa zimempa mgongo. Sauti ikawa inagonga ukuta wa mawe na chokaa na kurudi imenenepa, laini, kama mtu anayesemea chumba cha pili. Akaizoea. Lakini miguu ilikuwa ikimuwasha. Alikuwa akitoka barazani, anakwenda hadi sokoni, anarudi bila kununua kitu, anatoka tena.

Waliiacha lami, wakashika njia ya vumbi. Walipofika, Queen aliwapokea akiwa na bisibisi mkononi. Baba yake, mzee Timotheo, alikuwa mkata mkonge, na mwanamke huyu alikuwa na viganja vipana kama vya baba yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hizo hapo. Uingereza hiyo, mbao tupu."

"Tutaona," alisema Queen.

Wakazisimamisha sebuleni kwake, zikatazama viti. Queen alivua vitambaa vya mbele, akavinusa. "Udi," akasema. Akagonga masanduku kwa vifundo vya vidole, kutoka juu hadi chini, ameinamisha kichwa. Akatandaza vidole juu ya koni kubwa ya spika ya kulia, akaisukuma ndani polepole akisikiliza kama koili, ule waya wa ndani, inakwaruza. Haikukwaruza. Akagusisha betri ya tochi kwenye nyaya. Koni ikaruka mbele, pu. Alipofika ile ya kushoto, alipitisha kidole kwenye ukingo wa mpira, na mpira ukabanduka kama ukoko.

"Hii ilikuwa karibu na dirisha?"

"Ndiyo."

"Chumvi ya bahari imeula."

Sleyum hakuketi. Alikwenda mlangoni, akarudi, akakwenda tena. Alitaka zipite mtihani, na kila Queen alipokunja uso moyo wake ulifurahi kidogo, jambo ambalo lilimuudhi.

Queen akaweka santuri ya mwanamke anayeimba na nyuzi za ganuni nyuma yake. Sauti ikatoka. Ilitoka mbele kabisa, kavu, imesimama pale katikati ya chumba, hata pumzi ya mwimbaji kabla ya neno unaisikia. Na kila besi ilipopiga, ile ya kushoto ilikoroma.

"Sivyo," alisema Sleyum. "Sivyo zinavyolia."

"Zinalia vizuri, mzee. Ukingo tu ndio wa kubadilisha."

"Zigeuze zitazame ukuta, utanielewa."

Queen alimtazama. "Mzee, unaniuzia spika au unaniuzia ukuta?"

Ayubu alicheka, kisha akauona uso wa mjomba wake, akaacha. "Tangu msiba wa mkewe zilikuwa zinatazama ukuta," akamwambia Queen. "Mama ndiye aliyezigeuza."

"Na kuzirudisha?"

Ayubu akamtazama mjomba wake. Queen akainua sindano ya santuri. "Mimi kitu chenye shughuli ya watu ambayo haijaisha sikitaki humu ndani. Mpigieni kwanza."

Sleyum alipiga, Ayubu akamwekea sauti ya nje kwa kuwa sikio moja la mzee lilikuwa zito.

"Zimefika salama?" aliuliza Fakhria. Nyuma yake sufuria zilikuwa zikigongana.

"Zimefika. Dada, mbona hukuzigeuza?"

Sufuria zikanyamaza. "Wewe mbona hukuniambia nizigeuze?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

"Nilikuona unaningoja. Nikasema, na aningoje hivyohivyo. Siku nitakayozigeuza mimi, huyu anabeba mkoba."

Sleyum alitazama sakafu. "Mkoba nimeubeba."

"Najua. Nimeuona tangu jana kwenye gari la Ayubu, mnaficha kama watoto. Fungua mfuko wa pembeni, nimekutilia mkate wa kumimina. Uule na huyo dereva wako, mwongo mwenzio."

Ayubu alijifanya anatazama nje.

"Zimeshageuzwa sasa?" Fakhria aliuliza.

"Zinanitazama hapa."

"Zinaliaje?"

"Kali. Ya kushoto inakoroma."

"Nada alikuwa akikwambia inakoroma. Ukamwambia hana masikio."

Sleyum alicheka. Akasema, "Dada." Fakhria akasema, "Haya, nenda. Nina chungu jikoni," akakata simu.

Queen akarudisha sindano. Safari hii Sleyum aliketi. Alisikiliza upande mzima wa santuri, mikono kati ya magoti. Katika sauti ile kavu alimtafuta Nada, akapata tu kwamba alikuwa amesema kweli kuhusu mkoromo. Ukumbusho mwingine wote ulikuwa umebaki kwenye ule ukuta wa Ngamiani, na ukuta huo alibaki nao Fakhria. Alijua kwamba hapo ndipo mtu mwingine angesema, jamani, zipakieni turudi. Aliyangoja maneno hayo yamtoke. Miguu ikaanza kumuwasha tena.

"Zichukue," alisema.

"Nikibadilisha ukingo nitakuita uje usikilize," alisema Queen.

"Nitakuja."

Mkate waliula njiani, yeye na Ayubu. Horohoro alishuka, akaweka mkoba begani, akaingia kwenye foleni. Ayubu anasema kutazama nyuma hakutazama, ila alisimama akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Ayubu alirudi na kirikuu tupu. Hivi sasa anabeba samani za watu, na spika hataki tena kuzisikia. Queen aliagiza ukingo mpya kutoka Nairobi, akaubandika mwenyewe. Mkoromo umekwisha, na spika ziko pale Moa. Alimpigia Sleyum simu aje azisikilize. Sleyum alisema wiki ijayo. Alikaa Mombasa hadi masika, akaenda Lamu, akatoka Lamu. Alipopiga simu nyumbani mara ya mwisho alikuwa amepanga chumba Malindi, na ana redio ndogo ameielekeza ukutani. Fakhria yuko Ngamiani. Pale zilipokuwa spika ameweka cherehani.