Jabali Hakojoi

Muuza nyama aliyejiita Jabali alichomwa kiganja na ncha ya mfupa. Akafyonza damu, akatema, akaendelea kukata nyama. Mkewe, fundi cherehani, alimwambia aende zahanati, akajibiwa kuwa zahanati ni ya watoto na wanawake. Mke akarudi kwenye cherehani yake. Sikio la kufa halisikii dawa, na hilo alilijua tangu wachumbiane.

Mkono ukafura. Homa ikamtikisa hadi kitanda kikawa kinagonga ukuta. Kaka yake akaja, bingwa mwingine wa maneno, akamsifu kwa uvumilivu na kumwachia vidonge vya maumivu. Jabali akavibugia kama njugu. Mkewe aliwatazama wakipongezana, akajiuliza mama mkwe aliwanyonyesha nini.

Kisha mkojo ukawa mweusi, ukapungua, ukakatika kabisa. Mgonjwa akaanza kuweweseka, akimuuliza mkewe kama anataka paja au mbavu. Hapo mke hakuomba ruhusa ya mtu. Aliita teksi, akamwamuru shemeji yake ashike miguu.

Daktari alieleza kuwa bakteria walikuwa wameingia kwenye damu, presha ikaanguka, figo zikakosa damu ya kutosha, na vile vidonge vikazidisha balaa. Mirija midogo ndani ya figo ilikuwa imeumia. Angetibiwa kwa antibiotiki, na damu yake isafishwe kwa mashine.

"Mirija ikipata nafasi, huweza kupona," alisema.

"Na kichwa, daktari?" mke akauliza.

Shemeji aliangalia viatu vyake.

Siku zikapita, mashine ikinguruma, Jabali kalala kama gunia. Kila asubuhi mkewe alikitazama kile chombo cha mkojo kilicho kitupu, akamlaani mumewe moyoni, kisha akampangusa uso.

Hatimaye mkojo ukarudi, kidogo tu, wa njano. Jabali akajiinua kwa kiwiko, akamwita mkewe aje aone. Kwa sauti ya mshindi akasema, "Si nilikwambia mwili wangu unajitibu wenyewe?"

Mke alihisi machozi yakimlenga, akayameza. Asingempa raha hiyo.

"Umekojoa," akamwambia. "Hata mbuzi hukojoa, wala hatangazi."

Akakichukua kile chombo kwa mikono miwili, akampelekea muuguzi, akitembea polepole ili lisimwagike hata tone.