Nyayo Zinazoingia kwa Ágota

"Dada Ágota, mbona nyayo za kiume zinaingia kwako na hazitoki?"

Hivyo ndivyo jirani yangu Bori alivyoniuliza Desemba moja, mbele ya wanawake wote wa chama chetu cha Rozari. Hakuniita chemba, maana Bori ni mkarimu: akipata neno la kumwaibisha mtu, hawezi kulila peke yake.

Kwetu bonde la Csík, huku milimani Harghita, theluji ni neema kwa watu wa aina yake. Redio ikitangaza kwamba bonde letu limelala na baridi kuliko nchi nzima, wanaume hutembea kifua mbele siku hiyo, kana kwamba baridi wameichonga wao kwa mikono yao. Julai tunaacha kuwasha jiko la vigae linalopasha nyumba joto, kwa heshima ya kalenda tu. Viazi bado viko shambani, tayari asubuhi majani yameganda. Na theluji ikishashuka, kila hatua ya mtu inaandikwa chini, na Bori anaisoma yote dirishani kabla hajachana nywele.

Siku ile picha ya Familia Takatifu ilikuwa ilale kwangu. Karibu na Noeli huwa tunaipitisha nyumba kwa nyumba, usiku mmoja hapa, usiku mmoja pale, tukiiombea malazi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuipokea peke yangu, tangu nimzike mume wangu Ambrus wakati wa kukata majani ya ng'ombe. Nilikuwa nimesugua sakafu, nimeoka mkate wa kuviringisha wenye kokwa za jozi, nimetandika kile kitambaa cha meza alichokipenda. Picha ile ikinipita mlangoni, kijiji kizima kingejua sababu kabla ya chakula cha jioni, na sababu yenyewe ingekuwa imenona njiani.

Nyayo zilikuwa zangu. Wakati wa Majilio, tukingoja Noeli, misa yetu ni alfajiri, giza bado, kila mtu na mshumaa wake. Nilitoka nyumbani barafu ikiwa ngumu kama sahani, haishiki alama. Padre alipoanza mahubiri, theluji nayo ikaanza nje, na kwa rehema za Mungu ilichoka karibu pamoja naye. Nilirudi nikizama hadi vifundoni, nimevaa mabuti ya Ambrus, maana yangu yanapitisha maji. Tangu hapo sikutoka, nilikuwa na unga mikononi.

Haya ningeweza kuyasema upesi. Lakini Bori alikuwa ameshawazuia wenzake getini wasikanyage ushahidi, akaingia uani peke yake, akinyata kando ya zile nyayo kama anapita kitandani kwa mgonjwa. Mama Rozália, mkubwa wetu, alibaki nje ameikumbatia picha, hajui aingie au ageuke. Waliobaki walinitazama kwa ile huruma inayongoja habari zaidi.

Bori akaendelea kunisikitikia. Akasema ujane ni mzigo, yeye hamhukumu mtu, ila picha takatifu haiwezi kulala paa moja na buti lisilojulikana. Akasema mahubiri ya alfajiri yalimliza, na mtu aliyelia vile hawezi kunyamazia jambo kama hili. Ni kweli alikuwa ameweka nadhiri asikose hata misa moja Majilio yale, kwa ajili ya mwanawe aliyeko Ujerumani. Tulijua sote, kwa sababu alitujulisha mara nyingi. Nani angemtafuta kanisani, gizani mle, watu wamejifunga mitandio hadi puani?

Niliingia ndani nikatoka na mabuti, nikayaweka kwenye ngazi.

"Haya hapa, Bori. Ya marehemu. Yamenipeleka misani, yakanirudisha."

"Yalikupelekaje bila kutoka humu?" akasema, akiwageukia wenzake apate kuungwa mkono.

Hakuungwa mkono na mtu. Mama Rozália aliguna.

"Theluji imeanguka tukiwa ndani ya kanisa, mwanangu. Hata kwangu, kabla sijatoka tena, nyayo zilikuwa zinaingia tu."

"Na kwangu," akasema mwingine nyuma yake.

"Kwa kila aliyesali leo," nikasema mimi.

Hakuna aliyeelekeza kidole. Vichwa viligeuka vyenyewe kuelekea nyumba ya Bori, ng'ambo ya njia. Theluji mbele ya geti lake ilikuwa imelala kama shuka jipya, isipokuwa mstari mmoja wa nyayo ndogo ndogo, mbichi, zinazotoka.

"Zako zinatoka tu," akasema Mama Rozália taratibu. "Uliingilia dirishani?"

Mtu mmoja alikohoa ndani ya mtandio wake. Mama Rozália akapita getini na picha, akakanyaga nyayo zangu moja baada ya nyingine hadi mlangoni.

Nilimwambia Bori naye apite ndani, mkate ungali na joto. Nilisema kwa upendo wa Kikristo, Mungu anisamehe kile kidogo kilichozidi. Aliyatazama mabuti ya Ambrus, akajifunga mtandio hadi puani, akatoka getini.