Kijiko cha Mafuta ya Nyonyo

Klang! Mfuniko wa ndoo ulianguka gizani, kisha nikasikia binti yangu akitapika.

Niliwasha taa, nikachungulia. Ndani ya ndoo matapishi ya kijani, juu yake utando wa mafuta ya nyonyo. Harufu ile naijua: kila mwisho wa likizo mama mkwe huwaharisha wajukuu, eti waende shule na matumbo masafi.

"Mama, umempa tena?" nikamuuliza mama mkwe.

"Kijiko kimoja tu. Si jana alilalamika kitovu? Uchafu huo, utatoka."

"Wapi panauma sasa, kipenzi?"

Hakugusa kitovu. Alishika chini yake, upande wa kulia, amejikunja kama jongoo, paji la uso lawaka moto.

Mama mkwe alishamimina kijiko cha pili. Unywele umenata kwenye mpini. Nikamzuia mkono.

"Haya, msomi wa madarasa ya jioni! Mimi nimelea saba."

Nikambeba mtoto hospitali, na kila nilipokanyaga shimo alilia.

Daktari alilibonyeza tumbo polepole, akaachia ghafla. Alipoachia ndipo mtoto alipopiga yowe.

"Kidole tumbo hiki. Amekula nini?"

Nikataja mafuta. Daktari akasonya.

"Kuharisha tumbo kama hili ni kuchokoza nyuki mzingani. Kikipasuka, usaha unamwagika tumboni kote. Apasuliwe sasa hivi."

Baadaye alituonyesha kwenye bakuli: kitu chekundu, kimevimba kama funza aliyeshiba, ncha nyeusi, chanuka yai viza. Mama mkwe, aliyekuwa ametufuata, alikimbilia sinki akatapika. Nikamshika mgongo.

"Kumbe bado kidogo tu nimuue," akasema, mate yakimchuruzika kidevuni.

"Amepona kwa kisu, mama. Jifute."

Kilichobaki ni utumbo kuamka. "Asile kitu," nesi alionya. "Akitoa hewa, niiteni."

Basi tukakaa katika wodi ile yenye uvundo wa mkojo na dawa ya sakafu, tukingoja ushuzi kama watu wangojao mvua. Mama mkwe, asiyevumilia hata soksi chafu, aliinama kila mara kunusa shuka.

"Bado?" nikamuuliza.

"Bado, mwanangu."

Kesho yake adhuhuri, harufu nzito ikatupiga usoni. Tukaziba pua, tukatazamana, hakuna aliyethubutu kucheka.

"Bibi, nimejamba," mtoto akasema.