Saa Tatu ya Mashine

...hakuna cha kujenga upya, mara ya nne mashine inanijibu hivyo nikiiambia igeuze maandishi yangu kuwa programu, kila kitu ni kipya, kipya wapi na wewe, mstari wa mia nne na kumi na mbili nimeusahihisha kwa mkono wangu, nukta tu ilikosekana, na saa sita gari la mkoa linafika hapa Kilosa, mashine ikiwa haijawa tayari kuijibu wodi dawa zipi zipo bohari, inapakiwa kwenda Morogoro, basi, sabuni hatuna, kompyuta tumepata na tunanyang'anywa, na Bibiana anarudi kufunga vidonge kwenye magazeti, Bibiana ambaye siku kumi na tisa ananisomea programu hii kwenye karatasi, mstari kwa mstari, nami nachapa, sauti yake ile ya kwaya ya Berega, akichoka anaimba nukta na mabano, nacheka hadi vidole vinapotea... na leo nimemwambia umeruka mstari, wewe, mbele ya Mzee Cleopa mkuu wa bohari, mdomo uliponza kichwa, sasa anapanga karatasi zake, jana nilikuwa kaka Dona, leo mimi Ndugu Donati kama tuko mkutanoni... nampenda huyu, nampenda, nimechelewa tu kusema... jenereta inanguruma, asubuhi ilizimika nikaijaza dizeli, mashine ikazinduka ikauliza saa, kila ikizinduka haijui saa...

"Bibiana, saa ngapi?"

"Saa tatu u nusu, Ndugu Donati. Au hiyo nayo nimeiruka?"

...ulimi huo, haki yangu... saa tatu u nusu... ngoja, jenereta ilipowaka nilimuuliza vilevile, akasema saa tatu, nikaandika tatu, mama yangu, na mtaalamu aliyeileta mashine alisema ongeza sita, Donati, mashine inahesabu kuanzia usiku wa manane, ile saa moja asubuhi nilikumbuka kuongeza, nikaandika saba, nikaijenga programu na kosa lake, kwa hiyo programu mbovu ni ya saa saba na sahihisho langu ni la saa tatu, mashine hulinganisha saa tu, kwake nimekunywa dawa kabla ya kuugua, itaona kipya gani... Bibiana hakuruka kitu, hata ile nukta, sasa naikumbuka, aliisoma, mimi nilikuwa namtazama yeye... kuandika tisa na kuihifadhi nukta upya ni kazi ya kidole kimoja, gari bado, Bibiana anafunga kamba kwenye karatasi, kioo cha mashine bado kinasema hakuna cha kujenga upya, kipo, nitaanza na hicho, nimwombe radhi mbele ya Mzee Cleopa yuleyule.