Maji Kichwani kwa Afisa Elimu

Chama chetu cha walimu wa sayansi wa kanda kilinichagua mwenyekiti kwa sababu moja tu: wengine wote walishatoka kwenda kunywa chai. Mimi, mwalimu wa fizikia, nilibaki ukumbini nikipigana na mwavuli uliogoma kufungika.

Cheo kikanipanda kichwani. Nikaanza kutembea taratibu na kukohoa kabla ya kusema neno. Mke wangu, anayefundisha kemia na ndiye katibu wa chama, akaniuliza kama nina mafua.

Kwenye semina ya mwaka tulimwalika afisa elimu, mama mmoja mkimya ambaye walimu wakuu humpokea wakiwa wamefunga vifungo vyote. Nilitaka aone kwamba sayansi haihitaji maabara ya kifahari. Unajaza glasi maji, unaifunika kwa kadi, unaipindua. Hewa inaisukuma kadi kutoka chini na maji hayamwagiki. Darasani nimelifanya jaribio hilo miaka nenda rudi, ila si juu ya kichwa cha mtu.

"Karibu ukae hapa mbele, mama," nilimwambia.

"Mwalimu, una uhakika?"

"Mia kwa mia."

Nikapindua glasi, nikaiachia kadi. Ikashika! Watu wakapiga makofi. Mwenye akili zake angeshukuru akakaa. Mimi nikaanza hotuba. Mke wangu akanikonyeza. Nikadhani ananisifu, nikaongeza sauti. Nikaieleza hewa, nikapitia historia ya chama, nikaingia kwenye wajibu wa vijana, glasi bado inaning'inia juu ya yule mama. Kumbe kadi yenyewe, ya mwaliko, ilikuwa inakunywa maji kimyakimya. Nilipofika kwenye "ndugu walimu, hewa haituangushi kamwe," ikalegea.

Maji yote. Nywele, miwani, shingo.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Afisa elimu akavua miwani, akaifuta polepole kwa kitambaa cha meza.

"Mwalimu," alisema, "hata hewa huchoka kusikiliza."

Kicheko kilichofuata sijawahi kukisikia katika mkutano wowote wa chama. Kisha akawageukia walimu: "Haya, wataalamu. Kwa nini imeanguka?"

"Kadi imelowa!" alisema mmoja.

"Wapi! Mkono wake ulitetemeka kwa majivuno," akabisha mwingine.

Wakabeba glasi hadi uani. Wakajaribu karatasi, majani, vifuniko vya plastiki. Kwa kawaida, baada ya chakula cha mchana semina zetu hubaki na viti tu. Siku hiyo mlinzi alituomba tuondoke ili afunge geti, na afisa elimu, akiwa amevaa koti la mke wangu, alikuwa bado anabishana na mwalimu wa biolojia.

Alipoaga, aliagiza jaribio lipelekwe shule zote za kanda, kwa sharti kwamba anayekaa chini ya glasi awe mwenyekiti.

Basi ndiyo kazi yangu sasa. Wanafunzi wananiita Baba Mvua. Juzi, katika shule moja, msichana ambaye mwalimu wake aliapa kuwa hajawahi kuuliza kitu alinyoosha mkono. Alitaka kujua kama maji ya moto nayo yangeshika.

Nilimwambia ni swali zuri sana, nikahama kiti.