Mamake Chifu Huondoka Saa Sita

Kila asubuhi, kabla ya kusikiliza kesi, naibu chifu Oyugi alipanguza kiti cha plastiki kwenye veranda ya ofisi, akamsubiri mamake. Mama Jacinta alikuwa amekufa miaka mingi. Alifika na mkoba wake wa kanisani, akasalimu watu, akaketi kando ya mwanawe. Jua lilipofika utosini aliaga, akarudi kaburini kupumzika.

Mama akiwepo, Oyugi alikuwa mtu wa haki kupindukia. Mama akishaondoka, alikula chakula cha mchana, akalegeza mshipi, na haki ikalegea nao. Kata nzima, huku ufuoni karibu na Luanda Kotieno, ilijua. Mwenye haki yake aliomba kesi ya asubuhi, mwizi akaomba ya mchana, na Oyugi, ambaye ndiye aliyepanga zamu, hakumnyima mwizi hata siku moja. Aliuita huo utaratibu wa ofisi.

Kesi ya Seline iliwekwa mchana. Shemeji yake, Gordon, alitaka kipande cha shamba kinachogusa ziwa, awauzie watu wa hoteli. Mume wa Seline alizikwa hapo, na mjane huyo hakuwa na ardhi nyingine.

Asubuhi hiyo Seline alimpelekea marehemu Mama Jacinta chai.

"Mama, leo si ukae mpaka kesi yangu iishe? Wewe ukienda, mtoto yako anakuwa mtu mwingine."

"Najua, nyathina, mwanangu," Mama Jacinta alisema, akiipuliza chai. "Asubuhi nilikuwa namfunza mimi. Mchana nilikuwa sokoni nauza dagaa, omena. Sijui hiyo saa alikuwa analelewa na nani."

Lakini alikubali.

Saa sita ikapita, mama yuko kitini. Gordon alikuja na sahani ya samaki, ngege wa kukaanga, akamwona, akaificha nyuma ya mgongo. Oyugi alitokwa na jasho. Alianza kueleza mpaka wa shamba vizuri kabisa, mkonge kwa mkonge, na Seline akaanza kuamini. Kisha joto likazidi, kichwa cha mama kikainama, akakoroma.

Oyugi alimtazama kwa mapenzi ya kweli, mnafiki yule. Alivua koti lake la kaki, akamfunika magoti.

"Tuongee polepole," alisema. "Mama amelala."

Wote wakashusha sauti. Watu wale wangeacha nyumba iungue kuliko kumgutusha mkubwa usingizini, na ujinga huo waliuita adabu. Gordon akaitoa sahani. Oyugi akala taratibu, akatema miiba kimya kimya, kisha kwa mnong'ono akampa Gordon shamba mpaka majini. Wazee wa baraza wakatikisa vichwa kukubali.

Seline alifungua mdomo apige kelele. Jirani yake akamshika mkono, akamwonyesha marehemu, mvi zake na mdomo wake ulioachama. Aibu ikamkaba Seline, ile ile aliyofunzwa tangu utotoni.

"Chifu," alinong'ona, "hapo ndiko kaburi ya mzee wangu."

"Utaongea na Gordon, akuruhusu kupita," Oyugi akamnong'oneza kwa upole. "Lakini mwendee asubuhi. Asubuhi huwa mtu mzuri."